Makofi Matatu ya Kabezi

Mwaka 1911, masika yakiwa yanaaga na mahindi mabichi yakichomwa katika kila uchochoro wa Rumonge, nami nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne na miezi miwili (sizidishi wala sipunguzi), nilijitia katika utumishi wa mtu nisiyemjua, mbele ya watu wasiopungua sitini, kwa sababu ya mbu watatu. Naikiri aibu hiyo hapa mwanzoni kabisa, kwa mkono wangu mwenyewe na kwa wino wangu mwenyewe, ili wale wanaoisimulia sokoni kwa kuitia chumvi wajue kwamba mwenye mkasa yu hai, kumbukumbu anayo, na tarehe zote anazo.

Nianze na hizo tarehe, maana ndizo zilizoniponza. Wakati ule sikujua kusoma wala kuandika, lakini hesabu ya siku niliijua kuliko wanaume wengi waliokuwa wakijipitisha na karatasi mfukoni. Marehemu mume wangu, Mwinyi Selemani, aliyekuwa akinunua ndagala kwetu (wale samaki wadogo ambao wenzetu wa Ujiji huwaita dagaa) na kuwavusha kwa mtumbwi, alinifundisha kufunga kamba ya siku: kila siku fundo moja, kila Ijumaa ushanga mwekundu, mwezi wa Wazungu ukiisha kipande cha kaniki, na siku yenye jambo kubwa fundo lake hupakwa majivu. Alipofariki, Septemba 1909, niliendelea kufunga. Kamba hiyo niliivaa kiunoni, na sitaficha kwamba nilipenda mno kuulizwa leo ni tarehe ngapi. (Mtu asiponiuliza, nilimwambia vivyo hivyo.)

Marehemu aliniachia pia barua moja ya herufi za Kiarabu, iliyofika kutoka Ujiji yeye mwenyewe akiwa amekwisha kuzikwa. Kwa kuwa sikuweza kuisoma, nilimpelekea jirani yangu Fundi Kashindi, mshona nguo, naye akaisoma barazani pake kwa sauti ya mnadi, hata wauza mihogo wakaacha mihogo yao wakaja kusikiliza jinsi Mwinyi Selemani alivyokuwa akiniita "mawese yangu mekundu". Niliinamisha kichwa. Kisha Fundi akakohoa, akaruka mahali.

"Mbona umeruka, Fundi?"

"Wino ulimwagika hapa, Bi Mwamini. Hapasomeki."

Nikaichungulia ile karatasi: safi kama sahani ya Idi. Siku hiyo niliapa kwamba nitajifunza kusoma, nijue mume wangu aliniambia nini pale ambapo wino haukumwagika.

Basi mwezi Aprili mwaka ule wa 1911 ikaja habari kwamba Usumbura yupo mwanamke wa pwani, Bi Zuhura, mke wa mwalimu, atakayewafundisha wanawake wanane kusoma na kuandika nyumbani kwake. Nikatuma salamu, nikajibiwa kwamba nafasi ya nane ni yangu, ila sharti nifike mwenyewe: majina yataandikwa Jumatatu, tarehe 8 Mei, na jina lisiloandikwa kabla ya adhana ya magharibi halitaandikwa tena hata mwaka ugeuke. Sikulala siku tatu kwa furaha.

Sasa sikilizeni ule uamuzi mdogo, maana mikasa mikubwa haiji na ngoma. Nilikuwa na chandarua. Kilikuwa kikubwa, imara, na kimetukinga mimi na marehemu miaka tisa, lakini kilikuwa na viraka kumi na kimoja, vingine vya marekani, vingine vya kaniki, na kimoja cha gunia la chumvi chenye maandishi ambayo wenye kusoma walikuwa wakiyacheka. Nilipokuwa nikikikunja kukitia mzigoni, nikajiona kwa macho ya moyo nikikitundika mbele ya wale wanawake saba wa Usumbura, wenye vipini vya dhahabu puani, na gunia langu la chumvi likinining'inia juu ya kichwa. Nikakikunjua. Nikakirudisha kitandani.

(Machi 1912 niliisoma ile barua mwenyewe, herufi kwa herufi. Pale palipomwagika wino palisema: "Ukisafiri usiache chandarua, lakini kwanza mpe fundi mwingine akishone, kwa maana viraka vya Kashindi mbu huvitumia kama mlango.")

Mama Feza, Mbembe wa ng'ambo ya ziwa tuliyepakana ua, aliniona nikitoka na mzigo mdogo.

"Weye Bi Mwamini, unaacha chandarua? Imbu ya Kabezi iko na meno, haiko kama ya huku."

"Nitajifunika kanga."

"Basi ujipake mawese na umwenya." (Umwenya ni kile kivumbasi chetu, hupondwa ndani ya mawese, harufu yake ikawafukuza mbu.) "Mimi hata mutoto wangu namupaka. Imbu inakuja, inateleza, inaanguka."

"Mama Feza, tazama kanga hii, nyeupe. Nikijipaka mawese nitafika Usumbura kama mtu aliyekaangwa."

"Heri kukaangwa, mama, kuliko kuliwa mubichi," akasema, akarudi jikoni kwake.

Tuliondoka Alhamisi, tarehe 4 Mei, alfajiri, katika mtumbwi wa nahodha Ramazani na wapiga makasia wake wanne, wote wamejipaka mawese wanang'aa kama sanamu, na mimi katikati, mkavu, mweupe, nimejitunza. Tulilala ufukoni njiani. Sitaeleza usiku ule. Nitasema tu kwamba asubuhi yake mdomo wangu wa juu ulikuwa umetangulia mbele ya pua, jicho la kushoto lilikuwa limefunga duka, na Ramazani, mtu mwenye adabu zake, alipokuwa akinisalimu alilisalimu ziwa.

Ijumaa, tarehe 5 Mei, alasiri, tukatua Kabezi. Ramazani akaniambia kwamba hatuwezi kulala ufuko ule pasipo kwenda kumwamkia Mzee Nzigamye, tajiri wa ng'ombe, ambaye hushuka na mifugo yake hadi karibu na ziwa wakati wa majani mazuri. Nikajifuta uso, nikapandisha kanga, tukapanda.

Tulimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya lango la ua wake, mzee mrefu, mwenye upara uliong'aa na mkono wa taratibu, watu wamemzunguka pande zote, na huzuni imewaenea kana kwamba pana msiba. Nilimsalimu kwa Kirundi changu cha sokoni, ambacho kinatosha kununua maharage lakini hakitoshi kujitetea. Akaitikia kwa upole. Ramazani akaongea na watu, kisha akanigeukia.

"Mama, mzee iko na shida. Askari alimuletea vijiti kumi, kila asubuhi atupe kimoja. Vikiisha, siku ile ile afike bomani Usumbura, Bwana Mukubwa anamwita. Sasa mbuzi imekula vijiti."

"Vyote?"

"Vyote. Na kamba yake."

Hapo ndipo ningenyamaza. Mtu mwenye busara, uso umevimba, ugenini, jua linashuka, angenyamaza. Mimi nikapeleka mkono kiunoni.

"Muulize askari alifika siku gani."

"Anasema siku ya mvua ya mawe."

Mvua ya mawe! Nani asiyeikumbuka, ilipiga ufuko mzima, nami fundo lake nilikuwa nimelipaka majivu. Nikaifungua kamba, nikaishika kwa vidole viwili watu wote waione, nikahesabu kwa sauti: mvua ya mawe, Ijumaa, tarehe 28 Aprili, kijiti cha kwanza Jumamosi, cha pili Jumapili, hivyo hivyo hadi cha kumi. "Mwambie mzee kijiti cha kumi kinaangukia Jumatatu, tarehe 8 Mei. Leo ni Ijumaa, tarehe 5. Bado siku tatu, tena huko Usumbura ninakwenda mimi mwenyewe siku hiyo hiyo."

Mzee alipofasiriwa alisimama. Watu wakapumua kwa pamoja. Akaja akaitazama kamba yangu, akaligusa lile fundo la majivu kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kisima uani kwake. Nami (Mungu anisamehe) nikaongeza kwamba kwa hesabu ya Kiislamu pia ninaweza kumwambia, akitaka.

Akarudi kwenye kigoda akaanza kusema. Alisema Kirundi cha wakubwa, kile kirefu chenye mapambo, nami nilidaka maneno mawili tu: *imisi*, yaani siku, na *inka*, yaani ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe akaletwa, jike jekundu la kupendeza, pembe zake kama mwezi mwandamo, na mzee akawa anasema huku akimwelekezea mkono, nikadhani anawasifia wageni mifugo yake, jambo ambalo matajiri hulifanya kila mahali. Ramazani akaninong'oneza, "Piga magoti, mama, mzee anasema maneno ya heshima." Nikapiga magoti. Jua likawa limegusa milima ya ng'ambo.

Na mbu wakaja.

Wa kwanza alilia mbele ya lile jicho langu moja lililobaki wazi. Nilivumilia. Nilivumilia kama mwanamke aliyelelewa vizuri. Lakini alipogusa mdomo ambao tayari ulikuwa umefanywa karamu, mikono yangu ikaondoka yenyewe: *pa!* Akaja mwenzake, kushoto: *pa!* Wa tatu akapita juu kidogo, nikamfuata huko huko juu, magotini vile vile, mikono miwili hewani: *pa!* Na huyo nilimpata sawasawa, hata nikatabasamu.

Nilipoinua macho, palikuwa kimya. Mzee Nzigamye alikuwa amenyamaza akinitazama kwa furaha ambayo sijaiona tena usoni mwa mtu. Kisha wanawake wakapasua vigelegele, wanaume wakapaza sauti, "*Yakomye amashi! Yakomye amashi!*" na kamba ya ng'ombe ikatiwa mkononi mwangu. Nikaishika kwa adabu, kama mtu aliyeombwa kushika mtoto wa mwenzake kwa dakika moja. Nikangoja mwenyewe aje amchukue. Hakuja.

"Ramazani," nikasema kwa sauti ndogo, "ng'ombe huyu ni wa nani?"

"Ni yako, mama."

"Yangu kwa vipi?"

Ramazani akajikuna kisogo. Akanieleza kwamba katika nchi ile mtu akipewa ng'ombe na mkubwa hupiga makofi (ndiyo *amashi* waliyokuwa wakiyapigia kelele) kuonyesha amepokea, na akiisha kupokea amekuwa *mugabire* wake, mtu wake, atamtumikia kwa maisha yote. Mzee alikuwa amesema: mwanamke huyu anayezishika siku mkononi, nampa ng'ombe huyu, Bihogo, akae chini ya kilima changu anihesabie siku, asiondoke. Kisha akauliza kama nimepokea.

"Ukapiga," Ramazani akasema. "Tena mara tatu, mama! Hata moja ya juu. Watu wanasema hawajaona mutu wa Rumonge mwenye shukrani kama weye."

"Nilikuwa naua mbu!"

"Mimi najua, nilikuona. Lakini nani atamwambia mzee, hapa mbele ya watu yake, kwamba ng'ombe yake na imbu ni hesabu moja?"

Hakuna aliyemwambia. Mimi pia sikumwambia. Nilimtazama yule mzee akipokea pongezi, nikamhurumia yeye kwanza, kisha nikaikumbuka Jumatatu, nafasi ya nane, na ile barua sandukuni, nikajihurumia mimi zaidi.

Laiti ningeishia hapo! Lakini aibu ni kama ukoka, ukiivuta huku inachipuka kule. Jumamosi, tarehe 6, kulipopambazuka, nikaona njia ya werevu: nitamfunga Bihogo langoni kwa mzee polepole, nitashuka ufukoni, tutaondoka, na ng'ombe atajieleza mwenyewe. Ili asilie, nikamlambisha chumvi kiganjani, chumvi nzuri ya Uvinza niliyokuwa nimembebea Bi Zuhura. Akalamba, akatulia, nikamfunga fundo langu la siku (ninalolijua ndilo hilo, na halikutengenezwa kwa ajili ya ng'ombe), nikatembea kwa vidole hadi mtumbwini.

Tulikuwa tumekwisha kusukuma, maji yanafika mapajani kwa wapiga makasia, niliposikia mlio. Bihogo alikuwa akiteremka mbio, mkia juu, kamba ikimfuata, akiitafuta ile chumvi. Hakusimama ufukoni. Aliingia ziwani hadi kifuani, kamba yake ikajizungusha kwenye kasia la nyuma, mtumbwi ukageuka ubavu, nami, Bi Mwamini binti wa watu, mjane wa Mwinyi Selemani, nikaingia majini na kanga nyeupe. Nilipoibuka, ng'ombe alikuwa akinilamba mkono.

Ufuko mzima ulikuwa umejaa watu.

"Bibi, umesahau muzigo yako!" mmoja akapiga kelele kwa Kiswahili, makusudi nielewe.

"Muache, anamufundisha kuogelea!"

"Chandarua yako iko na pembe, bibi?"

Mzee Nzigamye alishuka mwenyewe, taratibu, watu wakampisha. Ningependa angekuwa na hasira. Hakuwa nayo. Alikuwa na uso wa mtu aliyevuliwa nguo hadharani, na alisema maneno machache ambayo Ramazani aliyafasiri akitazama chini: "Nimewapa ng'ombe watu wengi. Hakuna aliyewahi kumwacha langoni kwangu kama mbuzi mgonjwa. Kama hukumtaka, kwa nini ulipiga?"

Nikamwambia basi ukweli, maji yakinichuruzika: mbu. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akasema kwamba Jumatatu anakwenda bomani na mimi nakwenda Usumbura; huko huko Bwana Mkubwa atasikiliza shauri, ijulikane kama makofi ni makofi. Hadi hapo, ng'ombe alikuwa wangu, na mwenye ng'ombe humwongoza mwenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyoingia Usumbura Jumapili, tarehe 7 Mei, kwa miguu, uso kama boga, kanga nyeupe imekuwa rangi ya tope, nikimvuta ng'ombe mwekundu, nyuma yangu mzee na msafara wake wa watu ishirini. Wanawake walitoka milangoni na vipini vyao vya dhahabu. "Karibu, shangazi! Maziwa unauzaje?" Mmoja akauliza kama ni mahari. Nilimjibu kwamba leo ni Jumapili, tarehe 7 Mei 1911, na kwamba atakumbuka siku aliyomcheka mtu asiyemjua. (Sikuwa na jibu lingine karibu.)

Jumatatu tuliketi uwanjani mbele ya boma tangu asubuhi. Mashauri yalikuwa mengi. Letu liliitwa jua likiwa limeinama. Nilimwona Bi Zuhura ukingoni mwa uwanja, mwanamke mfupi, amejifunga buibui lake vizuri, daftari kwapani. Alikuwa amesikia kwamba mwanafunzi wake wa nane ana ng'ombe, akaja kutazama. Akanionyesha jua kwa kidole. Nikaelewa.

Bwana Mkubwa, Mjerumani wa boma, alikisema Kiswahili. Kirundi kilipitia kwa mkalimani. Upande wa mzee alisimama msemaji wake, Bukuru, mtu mwembamba mwenye maneno manene.

"Ulipiga magoti?" Bukuru akaniuliza.

"Nilipiga."

"Ulipiga makofi?"

"Nilipiga, lakini makofi ya shukrani hupigwa mikono imekunjwa kama ya kuteka maji, yanalia *pu*. Yangu yalilia *pa*."

"Mvua ikinyesha kwa hasira," akasema Bukuru, akiwageukia watu, "si mvua?" Watu wakamshangilia. "Makofi ni makofi. Ukiwa mbele ya mwenzako, akakuomba neno, mikono yako ikakutana, umepokea. Ndiyo sheria yetu, na mzee wangu ameishika tangu utoto."

Bwana Mkubwa akanigeukia. "Hao mbu wako wapi?"

"Wamekufa, Bwana."

"Mashahidi wako wote wamekufa?"

"Wote watatu, Bwana. Niliwaua mwenyewe."

Uwanja mzima ukacheka, hata askari aliyekuwa mlangoni akageuza uso ukutani. Niliamriwa kuonyesha nilivyopiga. Nikapiga magoti vumbini, mbele ya watu ambao sasa hawakuwa sitini tena bali mji, nikapiga *pa* ya mbele, *pa* ya kushoto, na ile ya juu, na ile ya juu wakaniomba niirudie. Nikairudia. Bi Zuhura alikuwa ameziba mdomo kwa daftari.

Jua likafika juu ya milima ya ng'ambo. Ilikuwa ni saa yao. Kutoka matete ya mto Rusizi wakaja, si watatu, ni taifa zima, na nikaanza kusikia uwanjani, hapa na pale: *pa*. Askari: *pa*, shingoni. Mkalimani: *pa*. Sikungoja zaidi. Niliacha habari ya sheria, nikamgeukia mzee mwenyewe, nikamwambia kwa Kirundi changu cha sokoni, polepole, kila neno mahali pake kadiri nilivyoweza:

"Mzee, ng'ombe wako ni mzuri kuliko mimi. Sikumdharau. Nataka kwenda kusoma barua ya mume wangu. Nakuomba umpokee Bihogo arudi nyumbani. Utampokea?"

Mzee Nzigamye alinitazama. Alikuwa akifikiri, midomo yake ilikuwa inaelekea kusema neno, nami hadi leo sijui lilikuwa neno gani, kwa maana wakati huo huo mbu mmoja, mkubwa, mwenye sauti, alishuka mbele ya pua yake, na ile mikono ya taratibu ikaruka.

*Pa!*

Palikuwa kimya kama Kabezi. Kisha Ramazani, ambaye alikuwa ametufuata kwa mtumbwi, akapaza sauti kutoka nyuma: "*Yakomye amashi!*" Na uwanja wote ukamfuata: "*Yakomye amashi!* Mzee amepokea!"

Bukuru alifungua kinywa. "Ilikuwa mbu!" akasema.

"Mvua ya hasira si mvua?" nikamwuliza.

Mzee aliifungua mikono yake, akamtazama aliyemuua, akanitazama mimi. Kwanza mabega yake yakatikisika. Kisha akacheka, akacheka hadi akashika goti la Bukuru asianguke kigodani, na aliposikia kicheko chake mwenyewe kikiitikiwa na watu wake, ule uso wa mtu aliyevuliwa nguo ukamwondoka. Bwana Mkubwa akamwambia karani aandike. Nikamkabidhi mzee kamba ya Bihogo, mbele ya wote, kwa mikono miwili, kwa maneno, kama ilivyopasa tangu mwanzo.

"Na siku zangu," akauliza mzee kwa kupitia mkalimani, "nani atazihesabu?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikapeleka mkono kiunoni, nikaifungua kamba ya Mwinyi Selemani, miaka miwili kasoro ya mafundo, nikamwonyesha: siku hivi, Ijumaa hivi, majivu hivi. Nikafunga fundo la leo, nikalipaka vumbi la boma mahali pa majivu, nikampa. Mbuzi asiikaribie, nikamwambia.

Akaiweka magotini. Akaikunja mikono yake kama ya mtu anayeteka maji, akapiga taratibu, *pu, pu, pu*, nami nikajua tofauti ya sauti zile mbili ambayo nilikuwa nimeieleza mbele ya Bwana Mkubwa bila kuijua. Kisha akavifungua viganja vyote viwili, akanigeuzia nivione.

"*Raba*," akasema. Tazama. "*Nta mubu.*" Hakuna mbu.

Bi Zuhura alikuwa amekwisha kulifungua daftari lake begani mwa Ramazani, kalamu mkononi, akiangalia jua kwa jicho moja. "Jina, upesi," akasema. Akaandika *Mwamini binti Hamisi, Rumonge*, na nukta ya mwisho ikawekwa pamoja na sauti ya kwanza ya mwadhini. Karani naye akaandika la kwake: Jumatatu, tarehe 8 Mei 1911, shauri la ng'ombe na makofi limekwisha. Na palepale, kabla wino haujakauka, niliweka nadhiri ambayo Mungu ni shahidi sijaivunja: sitatoka Rumonge tena bila chandarua changu, viraka vyote kumi na kimoja, na gunia la chumvi likiwa nje lisomeke, na mbu akinijia mbele ya wakubwa, mikono yangu itakaa magotini, nitamwacha anywe ashibe.